Mwalimu akikuandama, usisusie darasa

Mwanafunzi anayeona ameandamwa na mwalimu hukimbilia kususia kipindi, na hapo ndipo anapojiponza. Rejista itaonyesha kuwa hukuwapo, haitaonyesha kuwa ulitukanwa. Siku ya kikao, karatasi iliyoko mezani ni hiyo rejista.

Nunua daftari dogo la jambo hilo peke yake. Andika tarehe, kipindi, waliokuwapo, na maneno yenyewe kama yalivyotamkwa; "alinidharau" haitoshi. Andika siku ile ile, maana ukingoja wiki, hasira itakuongezea maneno. Ikiwa ugomvi ni wa alama, nenda na karatasi yako uulize swali moja tu: "Mwalimu, hapa nimekosa wapi?" Pengine ni kujumlisha tu kulikokosewa.

Isipotengenea, fuata ngazi: mwalimu wa darasa, naibu, mwalimu mkuu, kisha ofisi ya elimu ya kaunti ndogo. Hapa Lamu, ambapo kila mtu ni ami wa mtu, wengi huziruka na kumpigia jamaa aliyeko ofisini. Mambo hugeuka ya ukoo, na mtoto husahaulika. Nenda na mzazi, au na mjomba ikiwa baba yuko baharini. Kupigwa ni jambo jengine, halingoji ngazi: Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imekataza viboko na hata kumtesa mwanafunzi kwa maneno, na namba 116, ya msaada kwa watoto, hupigwa bila malipo.

Kesi ikiendelea, masomo yasingoje. Kukesha na kitabu ukishatoka chuoni, yaani madrasa, na kuswali Isha ni kujichosha bure. Lala, uamkie Alfajiri, kabla joto halijapanda. Dakika 40 zinatosha, simu ikiwa chumba kingine.

Aliyerudi nyuma aanzie pale penye alama za karibu. Chukua karatasi ya pili ya Kiswahili ya KCSE, mtihani wa kidato cha nne, yenye alama 80: ufahamu 15, ufupisho 15, matumizi ya lugha 40, isimujamii (lugha katika jamii) 10. Sarufi ina alama nyingi, lakini inataka miezi. Ufupisho hautaki kukariri kitu. Wengi huanguka kwa kunakili sentensi nzima za kifungu, au kwa kupitisha idadi ya maneno waliyopewa. Fanya kifungu kimoja kila asubuhi: pigia mstari hoja, funga kifungu, andika kwa maneno yako, halafu hesabu maneno kwa kidole, moja moja.