Maswali ya Wasomaji: Maji na Vioo vya Versailles

SWALI: Mhariri, zamani za Mfalme Louis XIV hapakuwa na umeme. Zile chemchemi za bustani za kasri la Versailles, Ufaransa, ziliruka vipi, na ni kweli hazikuweza kufunguliwa zote pamoja? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Ni kweli. Kurusha maji kwenyewe hakukuwa na shida: yalihifadhiwa mahali pa juu, yakateremka mabombani kwa uzito wake. Kila mita 10 za kimo huleta msukumo wa takriban baa 1 (baa ni kipimo cha msukumo). Mruko haupiti usawa wa maji ya tangi, na kwa sababu ya msuguano hata haufikii. Ukifungua koki nyingi kwenye bomba moja, yote hulegea.

Kazi ilikuwa kujaza hayo matangi, maana kasri liko mbali na mto mkubwa. Kati ya 1681 na 1684 ilijengwa Mashine ya Marly, kule Bougival kando ya mto Seine, kazi ya fundi Rennequin Sualem wa Liège: magurudumu 14 ya kipenyo cha mita 12 hivi, pampu zaidi ya 200, maji ya Seine yakipandishwa zaidi ya mita 150. Yalipanda kwa hatua tatu, kwani mabomba na ngozi za pistoni za wakati ule zisingehimili baa 15 kwa mkupuo mmoja. Kosa lilikuwa kwenye pampu za kilimani. Ziliendeshwa kwa fito ndefu kutoka mtoni, na nguvu nyingi ikaishia kwenye msuguano wa fito hizo.

Basi maji hayakutosha chemchemi zote, na mafundi walizifungua alipokaribia mfalme, wakiashiriana kwa filimbi, akishapita wanafunga. Mwaka 1685 ulianza mfereji wa kuleta maji ya mto Eure, kwa mipango ya Vauban, mhandisi wa kijeshi wa mfalme. Vita vya 1688 vikausimamisha. Matao yake pale Maintenon yangali yamesimama, na hayakupitisha hata tone; kwa gharama ile, ni aibu ya kifalme.

SWALI: Kwa nini Ukumbi wa Vioo umeungwa kwa vipande vidogo? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Kioo kilipulizwa kwa mdomo, kisha kikakatwa na kunyooshwa, hivyo ukubwa wake ulikuwa na kikomo. Ndiyo maana kila tao, kati ya 17, lina vipande 21: jumla 357. Nyuma vilipakwa bati na zebaki. Mbinu ya kumimina vioo vikubwa juu ya meza ilikuja baada ya ukumbi kukamilika mwaka 1684.