Hakuna mashine, ni maka peni tu

Mwenye matatu mmoja wa njia ya Kikuyu amenunua nganya yangu, kigari cha mfano cha matatu yenye madoido, cha skeli 1:24 (ndogo mara 24 kuliko gari la kweli), na kuiweka kwenye kabati la kioo ofisini kwake. Hakuomba nipunguze hata shilingi. Tangu niweke picha mtandaoni, swali ni lile lile: "Kaka, hiyo kutu umeipuliza na mashine gani?" Hakuna mashine. Ni maka peni, sponji ya kuoshea vyombo na kidole changu.

Naringa kidogo, mnivumilie. Kuna maonyesho fulani hapa mjini ambapo jaji alilishika gari langu, akaligeuzageuza, kisha akauliza kama wanangu ndio walionisaidia kupaka rangi. Watu wakacheka. Sina watoto. Zawadi ilikwenda kwa basi linalong'aa kama sufuria mpya, basi ambalo ukilitazama unajua halijawahi kubeba abiria wala kugombania nafasi na mtu. Matatu isiyo na mkwaruzo, Nairobi hii, umeiona wapi?

Tuje kwenye wino, maana kazi nyingi huharibikia hapo. Ile maka peni nyeusi ya kawaida, isiyofutika, wino wake huyeyushwa na spiriti. Ukiupulizia vanishi ya mkebe, unasambaa, na ule weusi unaingia uzambarau. Ukiufunika kwa rangi ya njano, baada ya muda unachungulia. Mimi huitumia chini ya gari tu, mahali ambapo hata jaji hafiki. Maka peni za Posca ni habari nyingine: wino wake ni wa maji wenye chembe za rangi, kwa hiyo nyeupe yake inafunika hata juu ya nyeusi, na ikiwa bado mbichi unaipangusa kwa kidole chenye maji. Kwa maungio ya milango natafuta Gundam Marker ya ncha nyembamba, ya kampuni ya Kijapani GSI Creos. Ilitengenezewa roboti za plastiki, lakini mfereji ni mfereji: unagusa mwanzo wa mstari, wino unatiririka wenyewe. Ila nyingi kati ya hizo zina spiriti, na spiriti hula rangi ya akriliki. Pitisha vanishi kwanza, iache ikauke kabisa.

Kupaka msingi sitaeleza, kila mtu ana njia yake.

Utamu uko mlangoni. Simama steji utazame mahali makanga anaposhika akining'inia: rangi imelika kwa kiganja, na pembeni kuna weusi wa jasho na mafuta. Ngazi imebaki chuma kitupu katikati, rangi imesalia pembezoni tu. Kile chuma nakipata kwa penseli laini ya 6B, nasugua ukingo polepole mpaka ung'ae.

Mikwaruzo usiichore kwa ncha moja kwa moja. Piga hesabu: ncha ya milimita 0.7 kwenye skeli 1:24 ni karibu milimita 17 kwenye gari la kweli. Huo si mkwaruzo, ni upana wa kidole! Paka wino kwenye kifuniko cha chupa, chovya kipande cha sponji ulichokinyofoa kwa mkono, kigonge kwenye gazeti hadi kikaribie kukauka, ndipo uguse kona za bampa na ule mstari wa njano ambao matatu zimebeba tangu sheria za 2004 za John Michuki, waziri wa uchukuzi wa wakati huo. Upande wa mlango uguse zaidi.

Kutu na matope ni mchezo wa maji. Nukta ya kahawia chini ya mpira wa dirisha, halafu kijiti cha pamba chenye unyevu kinaivuta kwenda chini. Chini tu. Mvua haipandi ukuta, na bado natumiwa picha zenye michirizi ya kulala. Kwa gari la Kikuyu udongo ni mwekundu, na hujaa nyuma ya magurudumu kwa sababu ndiko tairi linakoutupa.

Vijana, acheni kuiga vifaru vya vita vya Ulaya. Kile kifaru hakijawahi kupita Waiyaki Way wakati wa mvua. Mnanunua rangi za bei ghali kuiga tope la watu wengine, na lenu liko kwenye viatu. Tazameni magari yenu! Nalisema hili kila mara na nitazidi kulisema.

Maka peni ya kromu ya Molotow kwenye rimu huja mwisho wa yote, baada ya vanishi. Ukiipulizia chochote inafifia, ukiishika kabla haijakomaa unaacha alama ya kidole.

Yule mwenye matatu wa Kikuyu ameagiza la pili, la njia ya Embakasi. Huko ni udongo mweusi wa pamba, na vumbi lake ni kijivu. Maka peni ya kijivu niliyo nayo ina ubuluu mno. Anayejua duka la mjini lenye kijivu kinachoelekea kahawia, kwa ncha nyembamba, aniandikie kabla ya mwisho wa mwezi.