Mashudu ya pamba mpe ng'ombe, nguruwe usimwonjeshe

Kufika mwezi wa tisa hapa Kongwa, mkoani Dodoma, majani yamekwisha. Ng'ombe wanarudi jioni matumbo yamebonyea, na kila mfugaji anatafuta mashudu, yale makapi ya mbegu zilizokamuliwa mafuta, popote yalipo. Ndipo tunaponunua kwa haraka bila kuuliza. Nami nilinunua hivyo, nikapoteza nguruwe watano ndani ya siku tisa.

Mwaka ule mashudu ya alizeti yalikuwa yamepanda bei. Muuzaji akaniambia ya pamba ni yale yale tu, mashudu ni mashudu. Nikachanganya na pumba za mahindi, nikawalisha ng'ombe wangu wanne na nguruwe kumi na mmoja. Ng'ombe wakanawiri, maziwa yakaongezeka. Nguruwe nao walikula vizuri mwanzoni. Yapata wiki ya sita wakaanza kusaza chakula na manyoya yakasimama. Kisha mmoja akawa anahema kwa shida, amelala kivulini lakini mbavu zinapanda na kushuka kama aliyekimbizwa. Nikadhani ni kichomi, nikahangaikia sindano. Asubuhi nikamkuta amekufa.

Daktari wa mifugo alimpasua wa tatu mbele yangu. Kifua kilikuwa kimejaa maji ya manjano, moyo umetanuka na kulegea. Akaniuliza swali moja: unawalisha nini?

Nilipomwonyesha gunia, akachambua humo mbegu iliyoponyoka mashine, akaikata katikati kwa wembe. Ndani kiini kilikuwa cheupe, kimejaa vidoa vyeusi kana kwamba kimenyunyiziwa pilipili manga. Kila kidoa ni kitezi, na ndani yake mna gosipoli, kemikali ya manjano ambayo pamba huitengeneza ili kujilinda na wadudu. Inalinda kweli: miaka ya 1950 watafiti Marekani walipata pamba isiyo na vitezi, na wadudu ambao kwa kawaida hawaigusi pamba wakaishambulia. Mmea haukukosea. Mimi ndiye niliyempa asiyestahili.

Ng'ombe mzima anaimudu kwa sababu anacheua. Katika tumbo lake la kwanza vijidudu vinakivundisha chakula, na gosipoli hushikamana na protini ikapungua makali kabla haijaingia kwenye damu. Nguruwe hana tumbo hilo. Kwake sumu inajikusanya kidogo kidogo, ndiyo maana wiki za mwanzo huoni kitu. Ndama naye bado tumbo hilo halijakomaa, kwa hiyo mhesabu pamoja na nguruwe. Mimi siwapi kabla ya miezi sita.

Kuku wa mayai pia waepushe. Gosipoli hushikana na madini ya chuma yaliyomo kwenye kiini cha yai, na mayai yakikaa siku kadhaa kiini hugeuka rangi ya kijani kibichi au kahawia. Mteja akivunja yai la namna hiyo jikoni kwake, hatarudi kwako.

Dume la mbegu nalo lipewe kwa uangalifu mkubwa, kwani gosipoli hudhoofisha mbegu za kiume. Huko China iliwahi kufanyiwa utafiti kama dawa ya uzazi wa mpango kwa wanaume, ikaachwa kwa sababu ya madhara yake. Wengi wananiuliza basi vipi mafuta ya pamba tunayokaangia. Yaliyosafishwa kiwandani hayana shida, gosipoli huondolewa. Usipikie mafuta ghafi meusi.

Sisemi muyakimbie mashudu haya. Kwa ng'ombe wa maziwa wakati wa kiangazi ni mkombozi: yaliyokamuliwa pamoja na maganda yana protini karibu robo ya uzito wake, na yaliyokobolewa hufika asilimia 40. Wangu nawapa kilo moja hadi mbili kwa siku, pamoja na nyasi kavu za kutosha, kamwe si mashudu matupu. Muulize muuzaji kama mbegu zilipikwa kabla ya kukamuliwa, maana joto huipunguza gosipoli. Kuna wanaochanganya madini ya chuma ili kuifunga. Mwachie mtaalamu mwenye maabara, kukisia kwa kijiko kutakuponza.

Halafu nusa gunia. Likinuka uvundo au likiwa na mabonge ya ukungu, liache hata likiuzwa nusu bei. Sisi wa Dodoma tunaijua sumukuvu, yaani sumu itokanayo na ukungu, mwaka 2016 iliua watu huku kwetu na Manyara, na ng'ombe akiila inapita hadi kwenye maziwa.

Nguruwe wangu sasa wanakula alizeti, bei iwe ya juu iwe ya chini. Gunia la pamba nimelihamishia upande wa zizi, nimelifunga kamba nyekundu, ili kijana anayenisaidia akitumwa gizani alijue kwa kuigusa kamba ile kabla hajachota.