Maswali na Majibu: Nondo Wenye Mabawa ya Kioo

Wasomaji wengi wameuliza kuhusu nondo wa jamii ya Sesiidae, wale wanaofanana na nyigu. Najibu wanne leo.

Naishi Leeds, Uingereza. Nimetundika chambo cha feromoni (harufu ya kuwaita madume) bustanini usiku kucha, sikupata hata mmoja. Kwa nini?

Kwa sababu hawa huruka mchana. Tundika kuanzia saa nane mchana, mwezi Juni au Julai, kukiwa na jua na upepo mwepesi. Dume huipata harufu kwa mbali akaja akipingana na upepo, kwa hiyo tazama upande upepo unakoelekea. Mara nyingi huchukua dakika chache tu. Nusu saa ikipita kimya, hamia kwingine.

Nikikiacha siku nzima kuna ubaya?

Upo. Harufu ile inaiga ya jike, na dume ana maisha mafupi mno kuyamalizia kwa jike asiyekuwepo. Ukishamwona, kiondoe. Kihifadhi kwenye friza, kila chambo na chombo chake, na uvishike kwa glavu ili harufu zisichanganyike.

Pakiti imeandikwa nondo wa mtufaha, na aliyekuja ana mkanda mwekundu tumboni. Nimwandike hivyo?

Usimwandike bado, tafadhali. Pakiti haitambui nondo. Mwaka 1974 watafiti wa Marekani walitangaza harufu za nondo wawili wanaotoboa mipichi: kemikali ni ileile, tofauti ni mkunjo mmoja tu ndani ya molekuli. Ndugu zao wengi hutumia kemikali hizohizo, hivyo chambo kimoja huita zaidi ya aina moja.

Uingereza wako watatu wa mkanda mwekundu. Piga picha kutoka juu, uangalie bawa la mbele. Ncha yake ikiwa nyekundu, ni *Synanthedon formicaeformis*, wa mierebi. Wekundu ukiwa kwenye shina la bawa, ni *S. culiciformis*, wa miti ya mbetula, ambaye huanza kuonekana mapema, Mei. Ukikosa wekundu sehemu zote mbili na ncha ikawa nyeusi, hapo ndipo useme *S. myopaeformis*, wa mtufaha. Wa mikanda ya manjano ni habari nyingine: dume wa *S. tipuliformis*, anayeshambulia vichaka vya matunda viitwavyo mikaranti, ana minne, jike mitatu.

Niko Geita. Mashina ya viazi vitamu yamevimba karibu na udongo, na kwenye uvimbe kuna ganda jembamba la kahawia limechungulia nje. Ni hawa?

Ni hawa. Afrika Mashariki anayejulikana zaidi kwenye viazi ni *Synanthedon dasysceles*. Ganda hilo ni la pupa, yaani hatua ya kiwavi kugeuka nondo; nondo ameshatoka, na kwako linatosha kuwa ushahidi bila chambo chochote. Pasua shina lililovimba ambalo halina ganda: utakuta kiwavi mweupe mwenye kichwa cha kahawia ndani ya njia aliyoitafuna. Usichukue marando ya mbegu kwenye mashina hayo, na pandishia udongo matuta mara kwa mara ili viwavi wasifikie viazi.