Jibu: Andiko la kuzuia VVU Senegali limerudishwa, nirekebishe wapi?

Habari mkuu. Nilivyokuelewa, umeomba fedha za kupima vijana 10,000 Senegali, kipimo kimoja kwa kila mtu, mfadhili karudisha andiko na hajasema sababu.

Angalia mlengwa kwanza. Maambukizi ya watu wazima kule ni kama 0.3%, kwa hiyo watu 10,000 watakupa 30 wenye VVU, na kwa vijana hata hao hawafiki. Fedha hizohizo kwenye kundi lenye maambukizi ya 5% zinakupa 500. Andika wanaofanya biashara ya ngono, wanaume wanaojamiiana na wanaume, wanaojidunga dawa za kulevya, halafu utaje mikoa ya kusini, Ziguinchor na Kolda.

Kipimo kimoja nacho kimekuponza. Hata kikiwa na usahihi wa 99.5% kwa wasio na VVU, kati ya hao 10,000 kitawapa majibu chanya watu wapatao 50 wasio na VVU. Ukijumlisha na wale 30 wa kweli, ni majibu chanya 80, na zaidi ya nusu ni ya uongo! Shirika la Afya Duniani (WHO) tangu 2019 inataka vipimo vitatu tofauti, vyote vionyeshe chanya, ndipo mtu aambiwe. Cha pili na cha tatu ni vya wachache tu waliopata chanya kwenye cha kwanza, havipandishi bajeti sana.

Halafu usitegemee daftari la serikali la wafanyabiashara ya ngono, lililopo tangu 1969. Wengi hawajajisajili, na walio chini ya miaka 21 hawaruhusiwi. Na kwa wanaume wanaojamiiana na wanaume, tumia namba za siri badala ya majina. Sheria ya kule inawafunga, orodha ikivuja umewaponza.