Muhtasari wa kikao umejaa mistari myekundu

Dada, habari za Mpwapwa. Umeuliza kwa nini LibreOffice Writer inapiga mstari mwekundu chini ya kila neno la muhtasari wa kijiji, hata "wajumbe" na "mwenyekiti". Kiswahili chako hakina shida. Programu inadhani unaandika Kiingereza.

Tazama chini kabisa ya dirisha, utaona English USA. Bonyeza Ctrl+A, maandishi yote yachaguliwe, kisha bofya hiyo English USA, orodha ya lugha ifunguke. Chagua Swahili Tanzania; kama haimo, chagua More, uitafute humo. Angalia pembeni ya jina: alama ya tiki yenye ABC maana yake kamusi, yaani orodha ya maneno ambayo programu hukagulia tahajia, ipo. Kama haipo na kompyuta yako inatumia mfumo wa Ubuntu, sakinisha kifurushi cha hunspell-sw, ufunge programu na kuifungua upya.

Mistari itapungua, haitaisha. Kamusi haijui majina ya mahali kama Nkuhungu na Ng'hong'onha, na vitenzi vyetu virefu kama "hatukuwasilishiana" huishinda. Jina sahihi bofya kulia, uliongeze kwenye kamusi yako, mara moja tu.

Ila usiongeze kwa haraka. Mimi niliwahi kuongeza "serkali" nikiwa na usingizi. Barua tatu zikatoka na kosa hilo bila mstari hata mmoja, bosi akaliona yeye! Ukikosea, ingia Tools, Options, Languages and Locales (matoleo ya zamani huiita Language Settings), sehemu ya Writing Aids, fungua kamusi ya Standard ulifute neno. Hapo hapo, sehemu ya General (zamani Languages), weka Kiswahili kiwe lugha ya kawaida, faili jipya lisikusumbue.