Swali la lugha: silinda ya upepo au ya hewa? Na hiyo "funga" ni funga ipi?

Msomaji wetu ni fundi wa kuchomelea, anatengeneza makasha ya jenereta yenye kifuniko kinachofunguka kwa bawaba, sasa ameamua kifuniko kinyanyuliwe na silinda, yaani lile bomba lenye pistoni ndani inayosukumwa na upepo wa kompresa, badala ya mikono. Amewaandikia vijana wake maelekezo: "Funga silinda ya upepo yenye nguvu ya bar 6. Silinda ikifunguka, kifuniko nacho kitafunguka." Anauliza, hiyo "upepo" ni sahihi au aandike "hewa"?

Upepo uache hapohapo. Najua darasani tulifundishwa upepo ni hewa inayotembea, na iliyoshindiliwa kwenye tangi la kompresa haitembei popote, lakini madereva wanasema breki za upepo, tairi tunajaza upepo, gereji nzima inakuelewa na hakuna atakayeumia kwa neno hilo. Kinachonipa wasiwasi ni maneno mengine ambayo hukuyauliza.

La kwanza ni nguvu. Bar 6 siyo nguvu ndugu yangu, bar 6 ni presha, vitabu vya sayansi Tanzania vinaiita kanieneo na nguvu vinaiita kani, wewe andika presha inatosha ila usizichanganye. Presha ndiyo inayosomeka kwenye geji, nguvu ni jinsi pistoni inavyosukuma na inategemea upana wake. Presha hiyohiyo ya bar 6 kwenye silinda ya kipenyo cha milimita 32 inakupa msukumo wa kama kilo 49, kwenye ya milimita 50 inakupa kilo 120 hivi. Sasa kijana ukimtuma dukani akalete "silinda ya nguvu ya bar 6" atarudi na yoyote, na atakuwa hajakosea.

Na hapo bado bawaba haijadai chake. Chukua kifuniko cha kilo 40 chenye upana wa mita 1, uzito wake uko katikati, sentimita 50 toka kwenye bawaba, halafu silinda umeishikiza sentimita 20 tu toka kwenye bawaba. Hata ikisukuma kwa pembe mraba inahitaji kilo 100 kukinyanyua, anayebisha akasukume mlango wa nyumbani kwake kwa kidole karibu na bawaba. Silinda ikilala mpaka pembe kati yake na kifuniko ikawa digrii 30, mahitaji yanafika kilo 200, ile ya milimita 50 uliyoona inatosha haitoshi tena, hata ya 63 inaishia kama kilo 190, inabidi uende kwenye ya 80 ambayo inasukuma kilo 300 hivi na inakuachia akiba. Na mara nyingi pembe inakuwa mbaya zaidi kifuniko kikiwa kimelala, yaani palepale kinapokuwa kizito kuliko kote. Ndo maana nasema andika kipenyo, andika presha, na umbali toka kwenye bawaba uuandike pia.

La pili ni funga na fungua, hapa ndo pabaya zaidi. Kwa Kiswahili chetu fundi anafunga injini, anafunga gia, maana yake anaiweka mahali pake, na kifuniko nacho kinafungwa. Kufungua vilevile, kifuniko kinafunguliwa na silinda inafunguliwa, ila silinda ikifunguliwa maana yake imetolewa! Sentensi yako ya pili kijana anaweza kuisoma kwamba bolti zimelegea. Fimbo ya pistoni haifunguki, inatoka na inarudi, tumia hayo.

Wala usibadilishe "funga" ukaweka "kaza". Ukiandika kaza, atakaza mpaka silinda isicheze, na silinda hii lazima icheze, maana kifuniko kikipanda ncha ya fimbo inafuata mzunguko wa bawaba, isipopata nafasi ya kuyumba fimbo inapinda na sili, yaani zile raba zinazozuia upepo usivuje, zinalika upande mmoja. Neno zuri mi naona ni shikiza.

Ningeandika hivi: "Shikiza silinda ya upepo ya kipenyo cha milimita 80 kwa pini, nyuma na mbele, iweze kucheza. Presha iwe bar 6. Fimbo ikitoka kifuniko kinapanda, ikirudi kinashuka."

Na kwenye karatasi ya matengenezo, tafadhali sana, usiandike "fungua silinda" peke yake, kwa sababu kifuniko kikiwa juu kimeshikiliwa na upepo uliomo ndani. Andika kwa mpangilio: egemeza kifuniko kwa gongo la chuma, toa upepo wote, halafu ndo uchomoe pini.